Kori Nane, Kufuli Moja

"Papa, hii iko na kori munane, na RAM ya giga mbili. Iko mbio sana." Maneno ya namna hiyo utayasikia kwenye butiki za simu za kartie Lumumba, hapa Bunia, na muuzaji hadanganyi. Kori nane zimo kweli, hata katika simu ambayo kifuniko chake kitapasuka kabla ya Noeli. Sina ugomvi na muuzaji. Ugomvi wangu ni na waliosoma: mafundi wa simu, wanafunzi wa informatiki, wasimamizi wa mitambo katika ofisi na mashirika ya mji huu, ambao simu ikikwama wana jibu moja tu mdomoni. RAM ni ndogo. Kori ni dhaifu. Ongeza pesa, nunua kubwa zaidi. Ukiwatajia kufuli zilizomo ndani ya kerneli, yaani ile sehemu ya mfumo inayogawa kumbukumbu na zamu za kazi, wanatabasamu kwa huruma. Hayo, wanasema, ni mambo ya seva za Ulaya na Marekani, mashine zenye kori mia mbili. Mwenye simu ya kusikilizia sauti za WhatsApp yanamhusu nini?

Yanamhusu kuliko mtu yeyote. Kufuli ni kizuizi kinachozuia kazi mbili zisivurugane juu ya kitu kimoja, na katika suala hili la kuligawa kufuli la kumbukumbu liwe madogo mengi, mwenye seva ya kori mia mbili ana njia nyingi za kukwepa adha, na mwenye simu ya giga mbili hana hata moja.

Tuanze na kinachotendeka programu inapofunguliwa, kwa sababu wanaotabasamu mara nyingi hawajakitazama. Android chini yake ni Linux. Kila programu hupewa na kerneli ramani yake ya kumbukumbu, na ramani hiyo imekatwa katika maeneo: eneo la msimbo, eneo la kila maktaba, eneo la rundo la kila uzi (yaani kila mkondo wa kazi ndani ya programu), maeneo ya data ambayo programu inajitengea njiani. Programu ya kawaida ya simu ina mamia ya maeneo; iliyo nzito hufikisha maelfu. Kerneli ni bahili. Ikiombwa eneo, huandika ahadi kwenye ramani bila kutoa RAM yoyote. Uzi unapogusa anwani ndani ya eneo hilo kwa mara ya kwanza, prosesa haikuti kitu, inaruka ndani ya kerneli, na kerneli inalitafuta eneo husika kwenye ramani, inachukua ukurasa wa baiti 4,096, inauunganisha, kisha uzi unaendelea na safari yake. Tukio hilo, ukurasa kukosekana kisha kuletwa, hujirudia maelfu ya mara katika sekunde chache za kufungua programu moja.

Sasa kufuli. Kwa zaidi ya miaka ishirini ramani nzima ya programu ililindwa na kufuli moja. Liliitwa mmap_sem, na mwaka 2020, katika toleo la 5.8 la Linux, likabadilishwa jina kuwa mmap_lock. Jina tu, kufuli lilikuwa lile lile. Wasomaji wengi, yaani nyuzi zinazosoma ramani tu, wanaweza kulishika pamoja; mwandishi, yaani uzi unaoibadili, hulishika peke yake. Kuleta ukurasa ni kusoma ramani. Kuongeza eneo, kulifuta au kulibadili, hata liwe dogo vipi, ni kuandika, na anayeandika huwasimamisha wote. Fikiria parseli ya wapangaji thelathini ambapo mwenye nyumba, kila akibadilisha kitasa cha chumba kimoja, anafunga lango kuu: mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyetoka kuchota maji, anasubiri barabarani na ndoo kichwani kwa ajili ya kitasa kisichomhusu. Ndivyo kerneli ilivyozitendea nyuzi za programu moja.

Na nyuzi ni nyingi. Kuna za picha, za mtandao, za hifadhidata, za kuzoa kumbukumbu iliyoachwa, za matangazo ambayo hakuna aliyeyaomba. Programu kubwa ya Android hufikisha nyuzi mia moja hivi. Kila uzi unapozaliwa huomba maeneo kadhaa: rundo lake, ukurasa wa ulinzi mwishoni mwa rundo, hifadhi yake binafsi, rundo la kupokelea ishara, na jedwali la marejeo ambalo mtambo wa Java wa Android unalidai. Kila ombi ni uandishi. Basi katika sekunde ile ile ambayo nyuzi zilizotangulia zinagusa kurasa mpya kwa pupa, nyuzi zinazozaliwa zinaandika ramani. Zinakutana wakati mbaya kuliko wote, kidole cha mtumiaji kikiwa bado juu ya kioo.

Hapa naomba msomaji asiharakishe, maana ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kufuli hilo lina foleni ya haki: mwandishi akishafika na kusubiri, kwa kawaida wasomaji wanaokuja nyuma yake hawampiti, la sivyo huenda asipate zamu kamwe. Tuseme uzi wa nyuma, unaopakua picha za watu ambao mtumiaji hawafahamu, umelishika kufuli kwa kusoma, na kabla haujamaliza umenyang'anywa kori. Mwandishi anafika, anausubiri huo mmoja. Uzi wa skrini unafika, unataka ukurasa mmoja tu, unajikuta nyuma ya mwandishi. Kori kadhaa zinaweza kuwa hazina kazi kabisa, na bado skrini imeganda. Ongeza kori nane nyingine, hali ni hiyo hiyo. Gene Amdahl aliyasema haya mwaka 1967 kuhusu mashine za wakati wake: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha mwendo, wala si idadi ya mikono.

"Lakini ni RAM." Sikatai kwamba RAM ndogo inaumiza. Giga mbili ni kidogo kwa programu za leo, na hifadhi ya polepole ya simu hizi inaongeza maumivu. Hakuna kufuli litakaloponya hilo. Ninachokataa ni hili neno "si kufuli, ni RAM", kana kwamba ni wagonjwa wawili katika vyumba viwili. Ndani ya simu ndogo ugonjwa ni mmoja. RAM ikipungua, kerneli hunyang'anya kurasa. Za msimbo hutupwa, kwa kuwa zinaweza kusomwa tena kutoka hifadhini. Za data hubanwa na kutiwa kwenye zram, kipande cha RAM hiyo hiyo kinachotumika kama swapu, ghala la kurasa zilizonyang'anywa. Uzi ukizihitaji tena, ukurasa umekosekana upya, na safari ya kerneli inaanza upya. Kwa hiyo programu ile ile, kwa mtumiaji yule yule, huligusa kufuli mara nyingi zaidi kwenye simu ya RAM ndogo kuliko kwenye simu ya RAM kubwa.

Tena kila anayelishika huchelewa nalo. Kwa kusoma hifadhini kerneli ilijifunza zamani kuliachia kufuli na kurudi baadaye. Kwa kutafuta ukurasa mtupu, hali si hiyo: inabidi utafutwe wa kunyang'anya, ubanwe, uwekwe, na wakati wote huo kufuli liko mkononi. Kori zenyewe ni za polepole, kwa hiyo kazi ambayo simu ya dola mia nane inaimaliza kwa kufumba na kufumbua, hapa inachukua muda mara kadhaa, na muda wa kazi ndio muda wa kufuli. Mara nyingi zaidi, kwa muda mrefu zaidi, juu ya kori dhaifu zaidi. Anayeniambia kufuli ni anasa ya matajiri anieleze ni tajiri gani anayelipa kodi hiyo mara tatu.

Mwenye seva, kinyume chake, ana pa kukimbilia. Anaweza kuivunja hifadhidata yake katika michakato mingi, kila mmoja na ramani yake, na hivyo kila mmoja na kufuli lake. Anaweza kujitengea kumbukumbu yote asubuhi na asiiguse ramani tena hadi jioni. Anaweza kutumia kurasa za megabaiti 2 badala ya baiti 4,096 na kupunguza safari za kerneli mara 512. Anao wahandisi wa kumfanyia hayo. Mkazi wa Lumumba hawezi kubadili hata mstari mmoja wa programu iliyoandikwa California. Wapo wanaosema suluhisho ni waandishi wa programu kutumia nyuzi chache. Wawaandikie barua, nitaisaini.

Historia nayo iko upande wangu, ingawa inaanza upande wao. Ni kweli kwamba waliolalamikia kufuli hili mapema zaidi walikuwa watu wa mashine kubwa. Laurent Dufour wa IBM, akiendeleza wazo la Peter Zijlstra, alihangaika kwa miaka na njia ya kubahatisha: uzi ulete ukurasa bila kufuli lolote, kisha uhakikishe mwishoni kama ramani ilibadilika katikati, na ikiwa ilibadilika, uanze tena. Alikuwa na mashine kubwa za IBM, zile za Power, akilini. Michel Lespinasse akaifufua kazi hiyo mwaka 2021. Wasimamizi wa kerneli hawakuipokea. Ilikuwa ngumu mno kuthibitishwa kuwa salama. Wakati huo huo watu wa Android hawakungoja. Waliibeba ile kazi iliyokataliwa ndani ya kerneli zao wenyewe, toleo baada ya toleo, na hakuna anayejibebesha mzigo wa namna hiyo kwa ajili ya tatizo lisilokuwepo kwenye simu.

Mwaka 2022, kwenye mkutano wa watengenezaji wa kumbukumbu ya Linux, likatolewa wazo dogo zaidi: kwa nini kila eneo lisiwe na kufuli lake? Aliyelitia mikononi na kulimaliza ni Suren Baghdasaryan, mhandisi wa Google anayeshughulikia Android. Njia ilikuwa imekwisha kusafishwa na Liam Howlett na Matthew Wilcox wa Oracle, ambao katika toleo la 6.1, Desemba 2022, waliubadilisha muundo wenyewe wa ramani ili eneo liweze kutafutwa bila kushika kufuli kuu. Kufuli za maeneo zikaingia katika toleo la 6.4, Juni 2023. Suren mwenyewe aliripoti kwamba zilitoa kama robo tatu ya faida ya ile njia ya kubahatisha, kwa ugumu mdogo zaidi. Na vipimo vya Android vya programu zenye nyuzi mia moja hivi vilionyesha muda wa kufunguka ukipungua kwa hadi asilimia 20. Seva ziliomba kwa miaka na kurudishwa. Aliyefungua mlango alitoka upande wa simu.

Namna ilivyofanywa inastahili kutazamwa na kila anayedhani kugawa kufuli ni kukata moja vipande na kutawanya. Uzi unaotaka ukurasa hulitafuta eneo lake bila kufuli kuu, kisha hujaribu kushika kufuli la eneo hilo kwa kusoma. Ukishindwa hausubiri, unarudi kwenye njia ya zamani kimya kimya. Mwandishi bado hushika kufuli kuu kama kawaida, halafu hutia alama kwenye maeneo atakayoyagusa tu, na mengine yote hubaki wazi kwa wasomaji. Alama yenyewe ni namba: eneo huandikwa namba ile ile iliyopo wakati huo kwenye ramani, na kulingana huko ndiko kufungwa. Mwandishi akimaliza, haendi eneo kwa eneo akifungua. Anaongeza moja kwenye namba ya ramani, na alama zote, ziwe tatu au elfu tatu, zinakuwa zimepitwa na wakati papo hapo. Ni ujanja ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii. Kufuli elfu moja hufunguliwa kwa kujumlisha moja.

Wapinzani wangu makini zaidi, wale wasiotabasamu, wana hoja nyingine: kufuli kubwa ni salama, ndogo ndogo huzaa hitilafu. Nao wana ushahidi. Julai 2023, siku chache tu baada ya 6.4 kutoka, watu walianza kuona kumbukumbu za programu zao zikiharibika. Ilibainika kwamba mchakato ulipojinakili, maeneo ya mzazi hayakuwa yamefungwa ipasavyo dhidi ya nyuzi zake nyingine. Ikabidi kufuli mpya zizimwe kwa muda katika matoleo ya matengenezo hadi dawa ipatikane. Mwezi huo huo ikatangazwa hitilafu ya usalama iliyopewa jina StackRot, CVE-2023-3269, iliyotokana na ule muundo mpya wa ramani rundo linapopanuka. Haya si madogo, na anayeyaficha anawadanganya wasomaji wake.

Lakini tazama yalivyokwenda. Hitilafu zilionekana, zikaelezwa mstari kwa mstari, zikarekebishwa katika mwezi ule ule, kwa sababu kufuli la eneo lina jukumu linaloweza kuandikwa kwa sentensi moja. Linganisha na kufuli kubwa kuliko yote ambalo Linux imewahi kuwa nalo. Mwaka 1996, toleo la 2.0 lilipoanza kutumia prosesa zaidi ya moja, kerneli nzima iliwekwa chini ya kufuli moja. Lilikuwa rahisi kweli. Uzi ulioshika uliweza kulishika tena juu yake, na ukilala liliachiwa lenyewe. Miaka ikapita, na ikawa hakuna mtu aliyeweza kusema kwa hakika, katika kila mahali lilipotajwa, lilikuwa linalinda nini. Mwaka 2008 badiliko katika namna lilivyotekelezwa liliangusha kipimo kimoja maarufu kwa asilimia 40, na ndipo Ingo Molnar na wenzake walipoamua lazima lifukuliwe. Mabaki yake yaliondolewa na Arnd Bergmann katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Miaka 15 ya kung'oa kitu kilichowekwa kwa kuwa ni rahisi. Usalama wa kufuli kubwa ni usalama wa deni ambalo tarehe yake ya kulipwa haijaandikwa.

Sisemi, basi, kwamba udogo hauna kikomo. Ungeweza kuweka kufuli kwenye kila ukurasa na ukajikuta umekula RAM kwa kufuli zenyewe, na kori zikivutana juu ya kache. Hata kufuli za maeneo ziliongeza uzito wa kila eneo kidogo, na wahandisi waliendelea kuupunguza kwa miaka iliyofuata. Tena 6.4 haikuzigusa kurasa zilizokwisha kwenda kwenye swapu, na simu za zram ndizo zilizohitaji hilo. Hilo lilikuja katika 6.6, Oktoba 2023. Kipimo cha eneo kimechaguliwa kwa sababu ndicho kinachofuata namna programu zinavyotumia kumbukumbu: uzi huu hapa kwenye rundo lake, ule kule kwenye maktaba yake.

Wengine husema: sekunde moja ya kusubiri ni nini, katika mji wenye matatizo yetu? Mji huu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Anayeweka mzigo kwenye pikipiki kuelekea Mahagi hufungua simu kwanza asikie sauti iliyotumwa na aliyetangulia njiani, kama kunapitika. Anayetuma pesa kwa mgonjwa hospitalini hufungua programu inayoganda vile vile. Watu wenye kompyuta mbili na mtandao wa ofisini ndio wanaoweza kusema sekunde si kitu. Kwa wengi wetu simu ni redio, benki na barua, vyote ndani ya kioo kimoja, na kikiganda vyote vimeganda.

Lililobaki ni pingamizi la mwisho, kwamba mnunuzi hawezi kuliona kufuli, kwa hiyo kumweleza habari zake ni kumchosha. Sehemu yake anaweza kuiona. Kwenye simu nyingi, zikiwa kwa Kifaransa kama nyingi za hapa zilivyo, fungua Paramètres, kisha "À propos du téléphone", na utafute mstari wa "Version du noyau", yaani toleo la kerneli, ambao katika baadhi ya simu hujificha chini ya toleo la Android. Toleo la 4.14 lilitoka Novemba 2017, na matengenezo yake rasmi yalikoma Januari 2024. Lile la 4.19 lilitoka Oktoba 2018, likakoma Desemba 2024. Namba si ushahidi wote, maana watu wa Android hurudisha baadhi ya kazi mpya ndani ya kerneli za nyuma. Ila kerneli ya simu za bei ya chini mara nyingi hubaki ile iliyotoka nayo kiwandani, hata miaka ikipita. Ukikuta 6.6 au zaidi, kufuli za maeneo zimo pamoja na za kurasa za swapu. Ukikuta namba inayoanza na 4, kuna uwezekano mkubwa kwamba hazimo na hazitakuja; anza kujadili bei kutoka chini.